Chuma cha Kuunganisha Mabega

Mtu mmoja alikuwa na mdogo wake, na hakuwa na ndugu mwingine. Jina la mtu huyo ni Nyambu. Wazazi wao walipofariki, yeye ndevu ndiyo kwanza zilikuwa zinachomoza, na mdogo wake, Maghanga, alikuwa bado analala akinyonya kidole. Nyambu akamlea. Alimfulia, akampikia uji, na wakati wa mvua akambeba mgongoni kuvuka kijito ili asifike shuleni na viatu vilivyolowa. Miaka ikapita, Maghanga akawa mtu mzima mwenye sauti nzito na kifua kipana kuliko cha kaka yake. Lakini kila Nyambu alipomtazama, alimwona yuleyule wa mgongoni.

Waliishi milimani Taita, wakilima kabichi na karoti kwenye shamba la baba yao. Walikuwa na stesheni wagoni kuukuu iliyopatikana kwa jasho la wote wawili, na ndiyo iliyoteremsha mboga zao hadi sokoni Voi. Barabara ya kushuka ni kona juu ya kona: upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde. Ikafika wakati gari likawa linayumba kila likibeba mzigo. Ukikata usukani, pua ilichelewa kuitika, na bodi ililalamika kwa mbele kama kitanda cha kamba.

Maghanga alifungua boneti akaona sababu. Gari lile lilikuwa na mabega mawili ya chuma, moja kila upande, ambamo vichwa vya shoki za mbele, zile zinazomeza mtikiso wa barabara, hufungwa. Mabega hayo yalikuwa yamechoka. Penye kona, bega moja lilibeba uzito wote peke yake likapinda kidogo, na lenzake halikuwa na habari. Basi akatafuta gereji za Voi mpaka akapata chuma cha kuyaunganisha: upau imara wa kupita juu ya injini, wenye bamba la matundu kila mwisho. Bamba moja hukaa juu ya bega la kushoto na jingine juu ya bega la kulia, na tangu hapo uzito unaolifikia bega moja hulifikia na la pili.

Alimwambia kaka yake, "Tutakifunga pamoja Jumapili nikitoka kanisani." Nyambu akaitikia. Lakini Jumapili ilipofika alikitazama kile chuma kimeegemea ukuta, akawaza: kwa nini mtoto ajichafue na siku ndiyo hii ya kupumzika? Akachukua spana akaanza peke yake, kwa furaha ya mtu anayemwandalia mwenziwe zawadi.

Alifungua nati za bega la kushoto, akaketisha bamba, akarudisha nati na kuzikaza. Hakuzikaza kwa kiasi. Alichomeka kipande cha bomba kwenye mkia wa spana ili apate nguvu zaidi, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alipohamia upande wa kulia, matundu ya bamba hayakukutana na bolti. Yalikosea kwa upana wa ukucha tu, lakini chuma kilikwisha kushikwa upande mmoja na hakikuwa na namna ya kusogea. Nyambu akaleta mtaimbo akakilazimisha, bolti zikaingia mshazari zikikwaruza. Akachomeka bomba tena. Nati zikalia. Moja kati ya nati hizo aliisikia imelainika ghafla mkononi mwake, kana kwamba imekubali, naye akafurahi akadhani imekaa. Kumbe bolti yake ilikuwa imeanza kuvutika.

Maghanga aliporudi alikuta kazi imekwisha. Alisimama kidogo mbele ya boneti iliyo wazi. Kisha akasema, "Ahsante, kaka," kwa kuwa alizoea kusema hivyo.

Asubuhi yake aliondoka na shehena ya kabichi. Kando yake aliketi Wakesho, binti mshonaji wa upande wa pili wa mlima, na Nyambu aliambiwa tu kwamba dada huyo ameomba kusaidiwa usafiri hadi sokoni. Kwenye kona iliyo kali kuliko zote ile bolti ilikatika. Ilitoa mlio kama wa bunduki, bega la kulia likachezacheza, na gurudumu likavuta kuelekea bondeni. Maghanga aliupinda usukani kwa nguvu zake zote akalilaza gari kwenye ukuta wa mlima, likakwaruza jiwe kwa jiwe mpaka likasimama. Kabichi zilimwagika zikabingirika bondeni. Mkono wa Wakesho ulivunjika kifundoni.

Nyambu alipopata habari alikimbia njia nzima, na kandambili moja ikabaki njiani. Alimkuta mdogo wake amesimama. Akamkumbatia, akampapasa kichwa, mabega na mbavu, kama anayempokea mtoto aliyeanguka mtini. Alipoona hana jeraha, akauchukua ufunguo wa gari kutoka mkononi mwake.

"Hutaendesha tena," akasema. "Kuanzia leo nitaendesha mimi."

Alisema hivyo kwa upendo. Maghanga akamshika Wakesho mkono ule mzima, wakatafuta gari la kuwapeleka hospitali. Hakurudi nyumbani siku hiyo, wala siku zilizofuata. Alikaa kwa mjomba wa Wakesho. Nyambu aliendelea kupika ugali wa watu wawili. Kila akimaliza kula alifunika sahani ya pili, na kulipokucha aliwapa kuku.

Fundi wa kuchomea akaja akakifungua kile chuma, akaweka bolti mpya na kulinyoosha bega. Siku alipomaliza, Maghanga alitokea uani. Alisalimia kwa adabu kama kawaida yake, akanawa mikono, akakinyanyua kile chuma kwa mwisho mmoja. Nyambu akakinyanyua kwa mwisho wa pili. Wakasimama pande mbili za injini, kaka kushoto, mdogo kulia. Nyambu aliketisha bamba lake, na kwa mazoea mkono wake ukaanza kukaza. Alikaza nati ya kwanza, akakaza ya pili. Upande wa kulia Maghanga alisukuma bamba lake huku na huku, jasho likimtoka, na matundu yakagoma kukutana na bolti. Mwishowe aliinua uso.

"Kaka," akasema taratibu, "legeza kidogo upande wako, na mimi nifike."

Spana ilisimama mkononi mwa Nyambu. Alimtazama mtu aliyekuwa ng'ambo ya injini: ndevu zake, mikono yake yenye grisi, macho yake ambayo hayakuwa na hasira bali uchovu wa siku nyingi. Miaka yote alikuwa amemjua kama mzigo mpendwa. Hakuwahi kumwona kama bega.

Akalegeza. Chuma kikateleza chenyewe, matundu ya kulia yakazipokea bolti, na Maghanga akazungusha nati zake kwa vidole tu mpaka zikagusa bamba. Gari lilikuwa limesimama kwa magurudumu yake yote mahali tambarare, limetulia. Ndipo wakakaza: huyu kidogo, yule kidogo, kisha huyu tena, wakingojana. Bomba lilikuwa pale chini. Nyambu alilitazama akaliacha lilipo. Nati zilipofika mahali pake, mikono yote ilijua kwamba zimefika.

Maghanga akaifuta spana kwa kitambaa, akaifuta tena ingawa ilikwisha takata. "Yule Wakesho," akasema, "nataka kumwoa, kaka. Na tungependa kujenga kule kwao, upande wa pili wa mlima. Shamba nitakuja kulima kama kawaida. Nimeshindwa kukwambia mwaka mzima."

Neno la kwanza lililomjia Nyambu lilikuwa hapana. Lilimpanda mpaka kooni. Aliona nyumba bila sauti ile nzito, na sahani moja mezani. Akalimeza, na halikushuka kwa urahisi.

"Mtaniwekea chumba," akauliza, "nikija kuwatembelea?"

Maghanga alicheka, na macho yake yakajaa machozi. "Sasa utalala wapi tena, kaka yangu?"

Nyambu alitia mkono mfukoni, akampa ufunguo. Wakalishusha gari pamoja hadi Mwatate bila mzigo, kulijaribu, na Maghanga ndiye aliyeendesha. Kwenye ile kona kali Nyambu alishika ukingo wa kiti, akafumba macho. Pua iliitika mara moja. Mabega yote mawili yalibeba, wala bodi haikulalamika.

Mahari ilipelekwa, harusi ikafanyika, nyumba ikasimama upande wa pili wa mlima. Kila msimu wa mavuno, kabla ya kupakia kabichi, ndugu wale wawili hufungua boneti na kupitisha spana juu ya nati zote, kwa sababu hata kilichofungwa vizuri hutaka kuangaliwa. Iliyolegea hukazwa kidogo. Iliyokaa sawa huachwa.

Ndugu zangu, nguvu za kukaza wengi tunazo, na wengi tunakaza kwa sababu tunapenda. Lakini yule unayempenda kuliko wote, je, umemwachia nafasi ya kufika kwenye upande wake?