Kibao cha Kutoka Hospitali

Hapo zamani, tena si zamani sana, maana lami yenyewe ilikuwa ingali inanuka, jiji moja lilichoshwa na foleni likajijengea barabara ya juu. Raha iliyoje! Ila ukishaipanda, hakuna kusimama, hakuna kugeuza, na ukiipita njia ya kushukia, nyingine utaikuta kilomita tisa mbele.

Asubuhi moja Shomari alimpakia garini mkewe Mwanahawa, aliyeshikwa na uchungu, pamoja na mama mkwe wake, Bi Sikudhani. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu. Mkunga alisema, "Muwahisheni hospitali, la sivyo mtampoteza." Bi Sikudhani akakipakata kichwa cha bintiye.

Kikatokea kibao: KUTOKA HOSPITALI. Shomari akakisoma, akapita.

Bi Sikudhani alijua kuwa pale ndipo pa kushukia. Aliwauzia chai mafundi walipokuwa wakipajenga. Lakini mkwe ni mkwe! Tangu harusi hajapata kumkosoa, hata kumtazama usoni huona haya. Akayameza maneno. Walipokwisha kupita ndipo aliponong'ona, "Baba, ilikuwa pale."

"Mama! Mbona hukusema?"

Mwanahawa akapiga ukelele. Kilomita tisa, na kuta huku na huku! Bi Sikudhani akaomba dua akaikosea, akaianza upya. Mtoto akazaliwa kiti cha nyuma. Hakulia.

Walipokwisha kumzika mtoto, akaletwa Kibwana, mwandika vibao wa barabara ile.

"Mlango wa kutoka ni wa kufanya nini?" akauliza Kibwana. "Si wa kutokea? Mimi niliandika Kiswahili."

"Nami nilisoma Kiswahili," akasema Shomari. "Gari la kutoka Tanga haliendi Tanga! Nilijua ile ni njia ya magari yanayotoka hospitali. Ningeingia, nikagongana nayo uso kwa uso, mngesemaje?"

Bi Sikudhani akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Mimi nilijua, nikanyamaza. Lakini ni nani kati yenu aliyefunzwa kwao kumsahihisha mkwe?"

Mwanahawa alikuwa amelala, kawageuzia mgongo. "Mnitajie mmoja tu," akasema. "Nimlaumu huyo huyo."

Haya, msinikodolee macho mimi, mimi msimulizi tu. Mwambieni nyinyi: je, lawama ile ilimstahili nani?