Asiye na Miguu Akihama

"Asiye na miguu akihama, hasikiki." Mliisikia jana matangani, wajukuu zangu, mkauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi.

Alfajiri moja, kata ilikwaruza kitako cha mtungi nyumbani kwa Mkawasi. Alikuwa mjane, na shamba lake lilikuwa katika kibonde juu mlimani, kando ya chemchemi. Aliposikia mkwaruzo ule alijua maji yamekwisha, na alijua kwa nini.

Katika udongo wa shamba lile aliishi mnyama wa aina moja, kama nyungunyungu mkubwa, mwororo, hana miguu wala sauti. Wengi walimdhania nyoka wakamkata kwa jembe. Mkawasi hakumkata. Akifika penye mashina ya migomba aliweka jembe kando, akafukua kwa vidole. Mama yake alikuwa amemwambia: huyu hakai ila penye unyevu.

Miaka kadhaa kabla ya alfajiri ile, mwanawe, Mwandoe, alipanda mikaratusi kuizunguka chemchemi. Alitaka nguzo za kumjengea mama nyumba isiyovuja. Miche aliibeba begani, akaimwagilia mwenyewe. Miti ikashika, ikanywa maji ya chemchemi. Kila msimu Mkawasi alifukua akakuta wanyama wachache zaidi, na udongo mgumu zaidi. Akanyamaza. Angeanzaje kuulaumu wema wa mwanawe?

Asubuhi ile walichimba pamoja, kutoka migombani hadi chemchemini. Vumbi tupu.

"Mama, ulijua?"

"Nilijua, baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unanijengea nyumba."

Mwandoe akaketi vumbini. "Vyura wangehama, tungesikia kimya chao. Hawa je?"

"Asiye na miguu akihama, hasikiki," mama akasema.

Mwandoe akaikata mikaratusi yote. Visiki vikachipua. Akavikata, vikachipua tena. Mnyama yule hakuonekana, wala chemchemi haikurudi. Nyumba ikakamilika, nzuri, haivuji hata tone. Lakini ndani yake mtungi ulikuwa mkavu. Mwishowe Mwandoe akafunga mzigo ateremke tambarare kutafuta kibarua.

Mkawasi alimsindikiza hadi kwenye visiki, akamfutia vumbi begani, pale pale alipobebea miche.

"Asiye na miguu akihama, hasikiki," alisema. "Wewe una miguu, mwanangu. Ukija, kanyaga kwa kishindo nikusikie. Uje tena kuniona."