Bomba Lililotajwa na Mlima

Usipotaja bomba, mlima utalitaja.

Mmeisikia kauli hiyo leo kikaoni, balozi wa nyumba kumi alipomwambia yule kijana aliyeuza ng'ombe bila kusema kwamba huwa anatupa mimba. Mkacheka, kwa sababu ng'ombe hana bomba na mlima hauna mdomo. Haya, endeleeni kumenya viazi huku mnasikiliza. Methali hii haikuachwa na wahenga wa zama za kale. Ilizaliwa na pikapu kuukuu ya petroli, na waliokuwapo bado wanaikumbuka rangi yake.

Hapa hapa juu Makete, kabla barabara haijaanza kuteremkia Usangu, mzee Tweve alifariki akawaachia watoto wake wawili pikapu hiyo. Mkubwa alikuwa Yusta, aliyebeba viazi kupeleka sokoni. Mdogo alikuwa Obadia, aliyekusanya maziwa ya wafugaji alfajiri. Mama yao, Bi Melania, aliweka sharti moja tu: kila mtu na wiki yake, na anayerudisha gari alirudishe tangi likiwa limejaa. Aliyeendesha vizuri alibaki na chake. Aliyeendesha ovyo alilipia uzembe wake mwenyewe.

Baridi ya huku mnaijua. Mwezi wa sita umande huganda ukawa mweupe juu ya majani ya viazi, na injini iliyolala nje huamka na njaa. Hunywa petroli nyingi, na kazi haifanyi.

Obadia alikuwa mtundu wa mikono. Aliona kwamba injini inavuta hewa ya baridi kupitia kichujio, na hapo hapo pembeni ekzosi inatupa joto bure. Akachukua debe dogo la mafuta ya kupikia, akalikata na kulikunja likafunika ekzosi pale inapotokea kwenye injini, kisha akaunganisha bomba la mpira kutoka hapo hadi kwenye mdomo wa kichujio. Akalifunga kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Tangu hapo injini ikawa inavuta hewa iliyokwisha kupashwa moto. Ilichangamka upesi, na petroli ikaliwa kidogo. Hapakuwa na uchawi. Ilikuwa akili, tena akili nzuri.

Lakini hewa ya moto haielewani na mzigo. Mchana mmoja wa jua kali alipanda kilima cha shule na madumu yamejaa, injini ikaanza kugonga kama mtu anayepigilia misumari ndani yake. Alisimama, akachomoa bomba, akaendelea, na kugonga kule kukakoma. Basi akajua: bomba ni la baridi na la tambarare. Kwenye joto na mlima, litoke.

Angesema, angesifiwa. Tatizo ni kwamba sifa nyingine ilimfikia mapema, na ilikuwa tamu zaidi. Bi Melania aliona jinsi tangi lilivyohitaji petroli kidogo mwisho wa wiki ya Obadia, akasema jikoni, Yusta akisikia, "Huo ni mguu wa baba yako." Marehemu mzee Tweve alisifika kwa kukanyaga mafuta kama anayeogopa kuamsha mtoto. Na Obadia, tangu utotoni, aliambiwa na kila mtu kwamba amefanana na wajomba tu, kwa baba yake hakuchukua hata ukucha. Aliposikia neno lile alilimeza, na halikutoka tena.

Ikawa kila anapomkabidhi dada yake gari, kwanza analichomoa bomba na debe lake na kuvificha darini kwenye ghala la viazi. Yusta alipolalamika kuhusu petroli, Obadia alimtania kwamba mguu wake ni wa kukanyagia udongo wa matofali. Yusta alicheka mara ya kwanza. Baadaye hakucheka. Alijifunza kukanyaga kwa ncha za vidole, akawa anachelewa sokoni hadi anakuta wanunuzi wameondoka, na petroli haikupungua hata hivyo. Mama naye alikuwa akilitafuta debe lake lenye picha ya alizeti, lile la kuwekea mbegu za maharage. Aliwasingizia wajukuu.

Mwaka ule ule Bi Melania aliugua, akapelekwa hospitali ya bondeni. Haikuchukua muda daktari akapiga simu, akasema kwa upole kwamba hakuna tena la kufanya. Mgonjwa mwenyewe aliomba jambo moja: afie nyumbani kwake, karibu na jiko lake, siyo kwenye joto la watu wengine.

Ilikuwa wiki ya Obadia. Ndiyo kwanza alikuwa ameshusha madumu ya maziwa Yusta alipofika mbio na kunyoosha mkono apewe ufunguo akamchukue mama. Bomba lilikuwa limefungwa. Ilitosha kusema "ngoja kidogo" na kufungua boneti. Obadia aliutazama ule mkono wa dada yake, akajiambia kwamba kuteremka hakuna shida, na kwamba wakati wa kupanda huenda kukawa na mawingu. Mtu anayetafuta sababu ya kunyamaza haikosi. Akampa ufunguo.

Akabaki anaandaa nyumba. Alianika godoro la mama, akawasha moto, akasogeza kigoda chake pale anapopenda kuota moto. Jua lilikuwa limeshapita utosini simu ilipolia.

"Oba, gari linagonga," alisema Yusta.

"Linagonga wapi?"

"Ndani ya injini. Sikiliza."

Alisogeza simu dirishani. Obadia aliisikia misumari ile ile ya kilima cha shule, safari hii mingi na ya haraka.

"Mmefika wapi?"

"Ndiyo tumeanza kupanda, hata kona za juu hatujaziona. Joto la huku linaua, na gari halina nguvu. Nifanye nini?"

Nyuma ya sauti yake ikasikika nyingine, nyembamba, ya mtu anayeokoteza pumzi. "Mwulize mwenye mguu wa baba yake. Huyo atajua."

Obadia alijua. Simama, fungua boneti, chomoa bomba, funga. Kazi ya mkono mmoja. Maneno yalifika mpaka kwenye ulimi yakasimama hapo, kwa sababu mama alikuwa anasikiliza.

"Punguza mguu, dada," akasema. "Unalikanyaga mno. Tia gia namba tatu, liache liende taratibu."

"Namba tatu kwenye mlima huu?"

"Mimi ndivyo ninavyofanya."

Yusta akatia namba tatu. "Haya. Wewe ndiye unayejua."

Obadia hakuwahi kufanya hivyo hata siku moja, na hakuna dereva mwenye akili anayefanya. Gia ya tambarare, mlima mkali, jua, na hewa ya moto juu yake: ni sawa na kumtwisha mgonjwa gunia halafu ukamfunika pua kwa blanketi. Kona chache mbele pistoni ilipasuka. Yusta aliweka mawe nyuma ya magurudumu. Magari yaliyopita yote yalikuwa ya kubeba mbao, yanateremka, na hakuna lililoweza kugeuza pale.

Alipopiga tena alisema neno moja tu, "Limekufa." Obadia akaazima pikipiki ya jirani. Njia nzima hakuwaza jinsi ya kumbeba mama yake. Aliwaza jinsi ya kufika kwenye boneti kabla ya dada yake.

Alikuta boneti imefunguliwa. Yusta alikuwa ameifungua ili atie maji kwenye rejeta. Alizeti ilionekana hata kutoka barabarani, imeungua nusu, na bomba limetoka kwake kwenda kwenye kichujio kama kitovu. Bi Melania alikuwa kwenye kiti cha mbele, amefungwa vizuri kwa shuka lake, uso umeelekea juu kule ukungu unakoanzia. Ukungu ule ndio wa kwao. Alikuwa ameshakata roho.

Yusta alikaa juu ya jiwe. Alimtazama mdogo wake.

Msibani watu waliuliza, Yusta akajibu kwamba gari liliharibika njiani. Ikawa wanapeana macho. Mguu wa Yusta huo. Mjomba wao alisema waziwazi kwamba angeendesha Obadia, marehemu angefia kitandani pake. Obadia alikuwa amekaa hapo hapo, anachokonoa moto kwa kijiti. Yusta akamtazama. Akangoja. Kila jioni ya matanga aliketi mbele yake, akangoja.

Siku ya kuanua matanga wazee walizungumzia mali. Mjomba akashauri pikapu, hata kama ni mbovu, iwe ya Obadia, kwa kuwa ndiye aliyerithi mguu wa baba. Yusta akainuka, akaingia ndani, akarudi na kitu, akakiweka juu ya mkeka mbele ya watu wote.

"Hilo si debe la mama?" akauliza mwanamke mmoja.

"Ndilo," akasema Yusta. "Nililikuta chini ya boneti, linaipasha injini hewa ya moto. Ndio huo mguu mwepesi mnaousifu."

Kisha akamgeukia Obadia, na sauti hakuipandisha.

"Kwenye simu nilikupa nafasi. Hapa msibani nimekupa nyingine. Usipotaja bomba, mlima utalitaja, Oba. Mlima umelitaja. Na mama alikuwa ndani."

Ndipo Obadia aliposema. Alieleza yote, tangu kukata debe mpaka kipande cha tyubu, na alieleza vizuri sana. Ndiyo maana mpaka leo madereva wa huku hufunga bomba la namna ile wakati wa baridi, na huliondoa kabla ya kupanda mlima, na hawakabidhiani ufunguo bila kuambiana kwanza, "Bomba lipo," au "Bomba halipo." Uvumbuzi wake umewafaa wengi. Mama yake haukumfaa.

Msiulize kama Yusta alimsamehe. Alimsalimia kwa adabu mpaka uzeeni, akampelekea chakula alipougua, na hakupanda tena gari analoendesha yeye. Pikapu haikutengenezwa. Kuku walitagia kwenye kiti cha mbele.

Sasa yule wa ng'ombe leo hakutukanwa. Ameambiwa kwamba mnunuzi bado hajafika mlimani, na kwamba kusema leo ni kazi ya mkono mmoja. Akingoja, atasema tu, tena kwa ufasaha, mbele ya watu ambao hawahitaji tena kuambiwa.

Usipotaja bomba, mlima utalitaja.