Njuga Iliyochelewa

Mwanamke mmoja alikuwa na mguu mmoja mzima na mmoja mbovu, na watu wote waliomfahamu waliupenda ule mbovu kuliko ule mzima. Jina lake Desderia. Alifundisha ngoma katika mji mdogo wa milimani kule kusini, mji wa baridi na mahindi, na hakuna harusi wala sikukuu ya parokia iliyosemekana kufana kama wanafunzi wake hawakucheza. Wazazi waliwapeleka mabinti kwake kama wanavyowapeleka shule. Mtu akitaka kumsifu msichana kwa adabu alisema, huyu kapita kwa Desderia.

Ubovu wa mguu ule ulianza hivi. Alipokuwa msichana, naye alikuwa na mwalimu wake, bibi mmoja mkali aliyeitwa Oresta. Siku chache kabla Oresta hajachagua nani atatangulia mstari, Desderia aliteleza akipanda kutoka mtoni na ndoo kichwani, akaangukia nyonga ya kushoto. Mzee anayeunga mifupa alimkanda, akamwambia asicheze mpaka mavuno yapite. Lakini mavuno yakipita, nafasi ya mbele ingekuwa ya mwingine. Basi akamsihi mzee yule asiseme kitu, akajifunga kitambaa kiunoni chini ya kanga, akaenda kucheza. Mguu wa kushoto ulikataa kuinuka. Ukaburutika, ukatua nyuma ya pigo la ngoma, na yeye, ili kuuficha, akainamisha bega upande ule kana kwamba ndivyo alivyokusudia. Maumivu yakamtoa machozi. Watu wakayaona machozi, wakasema ngoma imempanda, wakapiga vigelegele. Oresta akampa nafasi ya mbele, na nyonga ile haikupona tena, maana haikupumzishwa.

Sasa ishikeni desturi ya ngoma ile, kwani kisa chote kimeegemea hapo. Mwalimu husimama mbele, mgongo kwa wanafunzi, nao humfuata. Haelezi kitu. Hageuki. Kugeuka ni aibu. Husemwa kwamba anayegeuka hana imani na anaowaongoza, kama mpishi anayefunua sufuria ya wali kila mara mpaka mvuke unaisha. Desderia aliishika desturi hii kwa mikono miwili, akaiongezea la kwake. Alisema ngoma haifundishwi, ngoma huambukizwa. Kila mwanafunzi mpya alimpa somo moja la mdomo siku ya kwanza, na hakumpa jingine: mdomo hudanganya, mguu haudanganyi, fuata mguu. Maswali hakuyataka. Aliyeuliza kwa nini bega linainama aliambiwa acheze tu, atajua akikua. Padre mmoja kijana aliwahi kumshauri afunge kioo kikubwa kwenye ukuta wa ukumbi, ili awaone wanafunzi wake bila kugeuka. Alimjibu kwa heshima kwamba kioo ni cha kinyozi.

Kwa hiyo kuwaona hakuwaona, ila aliwasikia. Kila mwanafunzi alivaa njuga kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, na sauti ya njuga zile ndiyo iliyokuwa macho ya mwalimu. Zikilia pamoja na yake, alijua mstari umenyooka. Nazo zililia pamoja na yake, nyuma kidogo ya ngoma, zote kwa mara moja, na moyo wake ukatulia. Miaka ikaenda hivyo. Mashindano akayashinda. Wageni wakaja kutoka miji mingine kutazama, wakarudi kwao wakisema kwamba utamu wa ngoma ya Desderia uko katika ile njuga inayochelewa. Sifa hiyo ikamfikia, akaipokea. Mwanzoni alijua kwamba anasifiwa kwa kilema. Baadaye hata yeye akasahau, na akiamka asubuhi nyonga ikimuuma, alidhani ni uzee umewahi.

Mara moja tu njuga moja ilimkera. Ililia mapema kuliko zingine, peke yake, palepale ngoma ilipopigwa. Bila kugeuka, Desderia akasema kuna mmoja anayekimbilia mbele. Wakaanza upya. Ikalia vilevile. Alikuwa Batilda, binti wa mchoma matofali, msichana mpole mwenye miguu imara, ambaye mguu wake uliisikia ngoma ukaitii. Alijaribu kuuchelewesha, akashindwa. Ngoma iliponyamaza, Desderia akamvua njuga mbele ya wenzake, akamwambia hana sikio, aende akajifunze kazi nyingine. Batilda hakubisha. Alipiga goti, akaaga, akaenda zake na macho mekundu, na tangu siku hiyo hakucheza tena mbele za watu. Wenzake walijifunza jambo siku ile, na hawakulisahau.

Ikafika siku ya Desderia kumwachia mwingine nafasi ya mbele. Alimchagua Eufrasia, aliyemlea katika ngoma tangu utotoni na kumpenda kama binti wa kumzaa, kwa kuwa yeye mwenyewe hakujaliwa mtoto. Desturi inasema mwalimu anayeachia nafasi hukalishwa kwenye kiti mbele ya uwanja, huwekewa kitambaa cheupe mapajani, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho huitazama ngoma yake uso kwa uso. Ndiyo zawadi yake. Desderia aliingoja siku hiyo kama mkulima anavyongoja kufungua ghala. Alioga mapema, akavaa kanga mpya, akawaambia majirani kwamba leo atajua aliishi kwa ajili ya nini. Aliyasema akicheka, lakini hakuwa akitania.

Ngoma zikalia. Mstari ukaingia, Eufrasia mbele. Na Desderia akaona kwamba Eufrasia anachechemea.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba mtoto kakanyaga mwiba, akamwonea huruma, siku kubwa kama hii. Kisha akamwona wa pili, naye anachechemea. Akamwona aliyemfuata. Akainuka nusu kwenye kiti. Mstari wote, wanawake wazima na wasichana, waliburuta mguu wa kushoto na kuinamisha bega ili kuuficha, na kila mguu ulipotua walitoa mguno mdogo, mguno ambao Desderia aliutambua, maana ulikuwa wake. Nyuma kabisa walikuja watoto wadogo, ambao juzi tu walikuwa wakiruka mitaro kama mbuzi, nao wakiburuta kwa bidii zote, ndimi zikiwa nje. Vigelegele vikajaa uwanjani. Mwenyekiti wa mtaa, aliyeketi kando yake, akamwinamia na kumpongeza kwa sauti ya chini, kwamba amewaachia alama yake wote, hata mmoja hakupotea. Nyani haoni kundule, husema watu wakicheka. Siku ile mwenye nalo alioneshwa, tena likiwa juu ya watoto wa wenzake, na hakuona la kuchekesha.

Akainua mkono, ngoma zikakoma. Jambo hilo halikuwahi kutokea. Alivuka uwanja akamwendea Eufrasia, akamwekea mkono kwenye nyonga ya kushoto, na Eufrasia akashtuka kama aliyeguswa kidonda. Palikuwa pamevimba. Desderia akamwuliza tangu lini. Eufrasia akajibu, akishangaa hata kuulizwa, kwamba ni tangu zamani. Kwamba wote waliocheza muda mrefu wanayo maumivu hayo, na hukandana kwa maji ya moto na chumvi wakirudi nyumbani. Kwamba walidhani ndiyo ngoma yenyewe, kwani walimsikia mwalimu akiguna, wakajua ngoma isiyoumiza haijakolea. Desderia akauondoa mkono. Wazazi walimletea watoto wanaotembea vizuri, yeye akawarudishia wanaochechemea, nao wakamshukuru kwa jogoo.

Akawaambia yote palepale, mbele ya mwenyekiti na padre na wageni. Kwamba mguu wake ni mgonjwa. Kwamba aliteleza akitoka mtoni, akaficha kwa kutamani nafasi ya mbele. Kwamba bega lile halikuwa pambo hata siku moja, lilikuwa pazia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa ameumbuka akiwa hai, mchana kweupe, katika kanga mpya. Aliona haya, akalia, na hakujali nani anaona. Akawaomba wauinue mguu na kuukanyagisha chini pamoja na ngoma, wacheze kama Mungu alivyowaumba.

Wapigaji wakapiga. Wanafunzi wakainamisha bega, wakaburuta. Akawaambia kwa sauti kubwa zaidi wanyooshe mguu. Wakaburuta. Akaona labda hawajamwelewa, akasimama mbele yao ili awaoneshe, mgongo kwao kama alivyozoea. Akauinua mguu wa kushoto kwa nguvu zote zilizobaki, nao ukakataa kama ulivyokataa siku ile ya ujana, ukatua nyuma ya pigo. Nyuma yake njuga zote zikatua nyuma ya pigo. Hapo, ngoma ikiwa bado inalia, kwa mara ya kwanza maishani mwake, Desderia aligeuka. Akawakuta wote wameinamisha macho, wanautazama mguu wake. Uso wake haukuwa na mtazamaji.

Eufrasia ndiye aliyesema, kwa upole, wala hakukuwa na dhihaka ndani yake.

"Mama, ulitufundisha kwamba mdomo hudanganya na mguu haudanganyi. Leo mdomo wako tumeusikia, na mguu wako tumeuona."

Desderia alitazama watu waliozunguka uwanja, akamwona Batilda, mtu mzima sasa, amesimama nyuma ya wengine na mtoto mgongoni, kwani sikukuu hakuikosa hata moja. Akamwita. Batilda alipokaribia, mwalimu akampigia goti mwanafunzi aliyemfukuza, na wanawake wakafunika vinywa kwa kanga. Akafungua njuga kwenye mguu wake mwenyewe, akampa, akamwomba asimame mbele. Kisha akarudi kitini, akajifunika miguu kwa kile kitambaa cheupe mpaka chini, asiwepo atakayeiona tena.

Batilda alimpa jirani yake mtoto. Akafunga njuga, akasimama mbele ya mstari. Ngoma ikapigwa. Mguu wake ukainuka, ukatua pamoja na pigo, kama mchi kwenye kinu. Njuga moja ikalia, peke yake. Zingine zikafuata nyuma, zimechelewa, zote kwa mara moja.

Watu wakaguna. Mmoja akacheka, akasema huyu mpaka leo hana sikio. Desderia akataka kumkaripia, akaona hana haki. Maana yeye mwenyewe, aliyeujua ukweli wote, aliyetoka kuukiri kwa kinywa chake muda ule ule, aliposikia njuga ile ikilia pamoja na ngoma, sikio lake lilimwambia kwamba imekosea, na kabla hajajizuia mkono wake ulikuwa umeinuka kumtoa. Aliutazama mkono ule juu ya kichwa chake kama mkono wa mtu mwingine. Akaushika kwa mkono wa pili, akaushusha, akaukalia. Batilda aliendelea kucheza.

Basi ninyi mnaotangulia watu, nyumbani, darasani au kanisani, yule mliyemtoa mstarini kwa kuharibu ngoma, mna hakika ni yeye aliyekuwa akiiharibu?