Viti vya Mfadhili

"Ukikalia kiti cha mtu, utasimama atakapo." Ndivyo mjomba wenu alivyowaambia leo, alipowaona mmevaa fulana za mgombea wenu wa chuoni zenye nembo ya kampuni kifuani, nanyi mkacheka. Chekeni tu. Maneno hayo hayakuzaliwa kwenye kicheko. Sogeeni hapa, na wewe weka simu chini, mjue yalikotoka.

Huko milimani Upare, watu wa Kwamshitu walijijengea chuo. Hawakungoja serikali. Walikijenga kwa msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu: huyu kabeba mawe, yule kachota maji, mpaka kikasimama. Kwa hiyo mambo ya chuo yaliamuliwa na baraza la wote, walimu, wanafunzi na wazazi. Kila mtu alikuja na kigoda chake kutoka nyumbani. Jambo likitajwa, anayelikubali husimama, anayelikataa hubaki amekaa. Hata mmoja akibaki amekaa, jambo halipiti mpaka asikilizwe. Lakini asiye na kiti hakuwa na kauli. Hakuna aliyeona ubaya wa sheria hiyo, maana kigoda kila nyumba ilikuwa nacho.

Paa lilipoanza kuvuja na walimu wakakosa mishahara, akaja mtu mmoja mpole, mwenye sauti ya chini. Jina lake hakuna aliyeliuliza. Walimwita Mfadhili, basi. Akaezeka paa, akawalipa walimu, akachinja ng'ombe. Kisha akaleta viti vya ngozi nyeusi, kila mtu na chake.

"Wasomi kukalia vigoda kama wakamua ng'ombe?" alisema. "Jamani, mnastahili zaidi."

Kuni za kupikia pilau zilipopungua siku ile, watu wakavitupa vigoda vyao motoni kwa mikono yao wenyewe, huku wakiimba. Wapumbavu! Sina neno jingine.

Viti vilikuwa vizuri, ila vilikuwa na joto. Asubuhi ya baridi, ukumbi umefungwa tangu jana, lakini ukikaa unahisi kana kwamba mtu ameinuka hapo sasa hivi. Watu walitazamana, wakajiegemeza. Mfadhili akauliza kama lango lipakwe rangi. Wakasimama wote kwa pamoja. Akauliza kama ada ipande kidogo, wakasimama. Njiani kurudi nyumbani, mmoja akamwambia mwenzake, "Mbona mimi sikutaka kusimama?"

"Hata mimi," mwenzake akajibu. Wakacheka, lakini walitembea haraka na hawakulizungumza tena.

Sasa, pale chuoni palikuwa na mwalimu, Nakijwa Mrutu, aliyefundisha historia na sheria za ardhi. Wanafunzi wake walikuwa mwaka wa mwisho, watoto wa wakulima, na ndio waliokuwa wakiuliza mashamba ya wazazi wao kule bondeni yamekuwaje ya Mfadhili. Siku moja Mfadhili akaja mbele ya baraza.

"Masomo yasiyoleta faida tuyafunge," alisema. "Tuanze na historia na sheria za ardhi. Wanaoafiki?"

Watu wakainuka. Nakijwa akakishika kiti kwa mikono miwili, akajikaza. Magoti yakajinyoosha yenyewe. Akajikuta amesimama, machozi yakimtoka, akilifunga darasa lake mwenyewe.

"Mama Mbonea," alimnong'oneza jirani yake, "mwanao yumo darasani mwangu! Kaa!"

"Sijiwezi, mwalimu. Miguu hii si yangu."

Hapo Nakijwa akajitupa sakafuni na gauni lake la kanisani. Alipogusa saruji, miguu ikamrudia. "Mimi nimekaa!" akapaza sauti. "Nimekataa! Jambo halipiti!"

Mfadhili akamtazama kwa upole, kama anayemhurumia.

"Mwalimu, sheria ni yenu, si yangu," akasema. "Asiye na kiti hana kauli. Au nimekosea, wazee?"

Wazee wakafumbua midomo. Haikutoka sauti.

"Limepita bila kupingwa," akasema Mfadhili. Akachukua kofia yake, akatoka, akaingia garini akaondoka.

Hakuwaambia wakae, na hawakukaa. Walibaki wima mbele ya vile viti vizuri, jasho likiwatiririka, macho tu ndiyo yakicheza. Nakijwa akanyanyuka, akapita katikati yao. Alimgusa Mama Mbonea begani, akamkuta mgumu kama mlango. Moyo ukamwuma, mama wa watu.

Nje, wanafunzi wake walikuwa wamesongamana madirishani. Walikuwa wameona yote. Mmoja wao akauliza kwa hofu, "Mwalimu, mbona baba zetu hawakai?"

Nakijwa akawageukia. "Wanangu," akasema, "ukikalia kiti cha mtu, utasimama atakapo."