Baraza Lililochaguliwa Pangoni

Paukwa!

Pakawa!

Aa! Mnaitikia puani, kama watu waliofungwa midomo. Leo sitaki. Paukwa!

PAKAWA!

Haya, sasa mnasikika. Watoto sogeeni mbele. Na nyie wakubwa mnaosinzia huko nyuma, amkeni, maana hadithi hii ni yenu hasa.

Hapo zamani za kale, nyikani, palikuwa na bwawa moja tu. Wanyama wote walikunywa hapo. Mlinzi wa bwawa alikuwa Fisi. Aliapa kwamba hagusi kiumbe hai, yeye ni mizoga tu. Haya, tuseme tulimwamini.

Kando ya bwawa palikuwa na majani marefu, na ndani ya majani marefu hujui nani kalala. Kwa hiyo ndege walikuwa wapiga mbiu. Walikaa juu ya vichuguu, wakaangaza huku na huku. Hodari wao alikuwa Bi Kanga. Akiona chui: "Kekekeke! Chui! Chui majanini!" Wanyama puruputu, wote mbio. Akinyamaza, walikunywa kwa raha zao.

Siku moja Kunguru akapiga mbiu ya uongo. Alitaka bwawa lote liwe lake. "Moto! Moto!" Wanyama wakakimbia, wakakanyagana, ndama wa Mbogo akavunjika mguu. Mbogo akawaka. "Hivi mpiga mbiu hana wa kumuuliza?"

Wakakubaliana liundwe Baraza la Mbiu. Mpiga mbiu akisema uongo, akemewe. Akionewa, alindwe. Hata Bi Kanga alisema, "Naafiki. Uongo wa Kunguru unanichafulia na mimi."

Jambo hilo lilikuwa jema. Nani kasema baya? Sikilizeni ubaya ulikoingilia.

Wanyama wale walikuwa na desturi yao. Anayetaka kiti husimama mahali peupe, jua la utosi, bila kivuli. Kila mwenye neno humuuliza. Umemla nani? Unakula kwa nani? Akitoka hajaumbuka, kiti chake. Na msimamizi wa siku ya kuchagua alikuwa Nungunungu. Kwa nini Nungunungu? Nani atamkumbatia Nungunungu? Jaribu uone! Hali kwa mtu, halali kwa mtu, hana wa kumnong'oneza sikioni. Alitikisa miiba yake, cha-cha-cha, akasema, "Juani!" Nao wakajibu, "Tumwone!"

Nanyi jibuni. Juani!

Tumwone!

Basi siku ya kuchagua Baraza ikafika. Jua kali. Akasimama Kobe. Maswali, maswali, akapita. Akasimama Twiga. Maswali, maswali. Hapo Fisi akainuka, sauti imelainika.

"Ndugu zangu, mbona mnajitesa? Watoto wana kiu. Waheshimiwa wanaulizwa mambo ya aibu mbele ya kadamnasi, haipendezi. Si wenyewe mnasema mchumia juani hulia kivulini? Jua limetosha. Nitateua kamati ndogo, ikae pangoni kwangu penye ubaridi, ituchagulie Baraza. Nyie nendeni mkanywe."

Cha-cha-cha! Nungunungu akauliza, "Hiyo kamati ataisimamia nani?"

"Bweha."

"Bweha si shemeji yako?"

Fisi akacheka, hi-hi-hiii. "Kwani shemeji si mtu? Sifa anazo."

Bi Kanga akaruka juu ya kichuguu. "Jamani! Mbiu zangu za juzi na jana zilimhusu nani? Huyu huyu Fisi, akinyemelea watoto! Leo yeye ndiye atuchagulie wa kutuhukumu? Hii ni kesi ya nyani kupelekewa ngedere!"

Wanyama wakatazamana. Palikuwa na Mama Swala, na mwanawe wa pekee, Kidoa, mwenye doa jeupe pajini. Kidoa alikuwa akilia kwa kiu.

"Bi Kanga nawe, maneno yako hayaishi!" akasema Mama Swala. "Mwanangu anakauka koo. Baraza ni baraza, achague yeyote. Twendeni tukanywe."

Wakaenda. Mbogo akaenda. Twiga akaenda. Nungunungu akaachwa juani peke yake.

Pangoni kukatoka Baraza. Mwenyekiti, Kenge. Kenge anayekula mayai ya kanga! Mjumbe, Tumbusi, anayengoja masazo ya Fisi. Na mjumbe mwingine, Kunguru. Kunguru yule yule! Mnacheka? Mimi sicheki. Inaniuma mpaka leo.

Haukupita muda, Bi Kanga akalia, "Kekekeke! Fisi! Fisi ananyemelea watoto!" Wanyama mbio, Fisi akakosa. Hapo hapo Fisi akapeleka malalamiko, na Baraza likaketi pangoni.

Kenge akasema, "Umezua taharuki. Umemchafua mlinzi wa bwawa."

"Muulizeni Mbogo. Muulizeni Punda Milia. Walimwona!"

"Mashahidi hawaingii. Pango limejaa."

Wakamfunga mdomo kwa ukindu. Kaza! Kaza tena! Aliyekaza fundo ni Kunguru.

Bi Kanga akapita bwawani na ukindu wake mdomoni. Wanyama walimwona. Wengine wakasema, "Masikini." Wengine wakasema, "Kelele zilimzidi." Wakainama, wakanywa. Na wale wapiga mbiu wengine? Waliuona ule ukindu. Tangu siku hiyo wakawa wanatangaza mawingu. "Leo kuna wingu zuri! Wingu zuri leo!"

Adhuhuri moja Mama Swala alimlaza Kidoa majanini, akaenda kunywa. Bi Kanga alikuwa kichuguuni. Akaona majani yanatikisika. Akaona mgongo wa Fisi. Akataka kulia. Mdomo haufunguki.

Papatu! Papatu! Akapiga mabawa. Mama Swala akainua kichwa. "Bi Kanga leo ana nini?" Akainama tena.

Papatu! Papatu! Akajitupa chini, akajibiringisha vumbini, akauvuta ule ukindu kwa kucha mpaka damu ikamtoka. Majani yakatikisika sana.

Kacha!

Kisha yakatulia.

Mama Swala akarudi. Majani yamelala chini. "Kidoa! Kidoa, mwanangu!" Kimya. "Kidooa!" Kimya. Akamgeukia Bi Kanga kwa ukali. "Wewe uliona! Mbona hukusema?"

Bi Kanga akamwonyesha mdomo wake.

Mama Swala akainama, akautafuna ule ukindu kwa meno yake mwenyewe mpaka ukakatika.

"Nilikuita, mama," Bi Kanga akasema. "Nilikuita sana."

Mama Swala akaenda bwawani, akaingia katikati ya maji ili wote wamwone. "Mimi ndiye niliyesema twendeni tukanywe! Maji nimekunywa. Mtoto sina. Na nyie mlionifuata, mmeshiba maji? Mmeridhika? Watoeni pangoni! Wote! Leo wasimame juani!"

Mbogo akatangulia, ardhi ikatetemeka, tifu, tifu, tifu. Wakawatoa mmoja mmoja. Nungunungu akaja, cha-cha-cha.

"Juani!"

"Tumwone!"

Akasimamishwa Kenge. Bi Kanga akamuuliza, "Mayai yangu yako wapi?" Kenge akajiburura, akatokomea. Akasimamishwa Bweha. "Unakula kwa nani?" Bweha akatazama chini. "Kwa shemeji." Kunguru na Tumbusi hawakungoja zamu, waliruka. Akasimamishwa Fisi. Hakuulizwa swali. Damu ilikuwa bado haijakauka mdomoni, na jua lilikuwa linaimulika. Mbogo akainamisha pembe. Fisi akafukuzwa mpaka ng'ambo ya nyika, na hakulinda bwawa tena.

Siku hiyo Baraza lilichaguliwa upya, pale pale, penye jua. Kila mmoja aliulizwa. Watoto walilia kwa kiu, na hakuna mama aliyesema twendeni. Aliyekunywa wa mwisho alikuwa Mama Swala. Mtoto wake hakurudi. Msitake niwaambie kwamba alirudi.

Basi shikeni funzo. Mpiga mbiu naye awe na wa kumuuliza, ni haki. Lakini anayepigiwa mbiu asiwachague wanaoihukumu, wala shemeji yake asiwasimamie wanaochagua. Awasimamie asiyekumbatiwa na mtu, mchana, mbele ya wote. Na siku ya kuchagua usiseme una kiu.

Hadithi yangu imeishia hapo, hasira yangu haijaisha. Anayeitaka hadithi aichukue. Na hasira pia, aichukue.