Tiketi ya Mzee Bulugu

Nyamizi alikuwa akikatisha tiketi za ndege kwenye chumba cha Mzee Bulugu pale Mwanza, na mzee alitaka kumtoa ampangishe kinyozi.

"Mke wangu umemkatia ya Dar kwa laki mbili," alifoka. "Mimi nipatie ya elfu ishirini, ndege hiyo hiyo. Ukishindwa, Jumatatu uhame."

"Na nikiipata?"

"Utakaa mwaka mzima bure!"

"Basi tuandikiane, mzee wangu."

Mzee akatia sahihi huku akicheka.

"Mwaka wa kuzaliwa?"

"Andika wowote, we binti, mradi bei ishuke!"

Tiketi ikatoka, elfu ishirini kamili. Wiki nzima mzee aliwatambia majirani jinsi alivyomkamua.

Siku ya safari Nyamizi aliwasindikiza mzee na mkewe uwanjani. Karani akaisoma tiketi, akakitazama kitambi cha mzee, akaisoma tena. Kisha akamgeukia mkewe.

"Mama, hii ni tiketi ya mtoto mchanga, haina kiti. Utampakata mwenyewe hadi Dar?"

Mama akampima mumewe kwa macho.

"Nyamizi mwanangu," akasema, "hebu nishikie huyu mpaka nirudi."